Karatasi ya Kocha Firmin

Firmin wa Bukavu alikuwa mlinzi wa lango la jengo la ofisi Braamfontein, Johannesburg, tena mwalimu wa kwaya. Hayo mawili yanaeleweka. La tatu ndilo lililomchosha mkewe Victorine kuwaeleza majirani: kila Jumamosi mumewe alisimama kando ya uwanja akiwachagulia mbinu vijana wa mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai.

Mchezo wenyewe hauna huruma. Timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira, na kabla ya kila jaribio lazima mtu aseme mbinu gani itumike. Refa anahesabu sekunde. Ukichelewa, mnarudishwa nyuma. Na Firmin, maskini, alichelewa! Mbinu zake alizipanga kwenye karatasi kwa alfabeti, kwa mwandiko safi kabisa, akidhani kupanga ndiko huko. Mpira uko karibu na mstari wa kufungia, kidole chake bado kinatambaa kwenye herufi M. Wakafungwa.

"Kaka Firmin," alisema Gustave, kocha mkuu, "ukichelewa tena, karatasi naichukua mimi."

Iliuma, jamani. Langoni kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga. Uwanjani tu ndipo watu walipomgeukia na kumuuliza, "Sasa tufanye nini?"

Jumapili padri akakatiza mahubiri ghafla, akaita sadaka. Firmin hakugusa kitabu cha nyimbo. Aliinua mkono, kwaya ikaanza wimbo wa sadaka. Katikati ya ubeti akashtuka, akacheka: mbona hapa sichelewi? Kumbe nyimbo alizipanga kwa wakati wake katika misa: za kuingia pamoja, za sadaka pamoja, za shukrani pamoja.

"Papa Sagesse, ulicheka nini kanisani?" Victorine alimuuliza mumewe wakitoka, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Nimepona, mama."

Akaandika upya. Mbinu za kuanzia mechi akaziita Kuingia. Zile za jaribio la nne, unapotoa ulichonacho chote, akaziita Sadaka. Za karibu na mstari, Shukrani.

Jumamosi iliyofuata, mechi ikielekea ukingoni, walikuwa nyuma, na jaribio lilikuwa la nne. Gustave akanyoosha mkono. "Eish, Firmin! Lete karatasi!"

Firmin hakuitoa. Alitupa jicho kwenye Sadaka, akachagua, akapiga kelele. Vijana wakajipanga refa akiwa bado anahesabu. Mmoja wao, Armel, akaupokea mpira, akakimbia, akavuka mstari. Wameshinda!

Mkono wa Gustave ulikuwa bado umenyooshwa. Firmin akampa karatasi.

Gustave akaisoma, akakuna kichwa, akairudisha. "Kaa nayo. Mimi nitolee kopi. Ila nieleze, mbona Sadaka umeiweka mara moja tu?"

"Kocha, sisi ni Wakatoliki," Firmin akamjibu. "Ninyi walokole ndio mnaipitisha mpaka watu waishiwe nauli."