"Soon" ya Birika

Mtunza stoo wa kiwanda kile cha sare za shule aliitwa Kifungo, maana kumwomba kifungo kimoja cha akiba kulikuwa kazi kuliko kukishona. Mafundi walisema ana mkono wa birika, naye hakukasirika. Alijiona mtu wa mpango. Ajabu ni kwamba mchoyo huyuhuyu wa vifungo alikuwa mkarimu wa Kiingereza. Kile kidogo alichokuwa nacho alikigawa bila kinyongo.

Mwanafunzi wake alikuwa msimamizi wa kiwanda, mama wa makamo kutoka China ambaye wote walimwita Madamu. Mkalimani alikuwa ameacha kazi, basi jioni mashine zikizimwa Madamu aliingia stoo, akakaa juu ya robota la kitambaa, na somo likaanza. Njia ya Kifungo ilikuwa moja tu, kushika kitu na kukitaja. Alishika mkasi, akautaja. Alishika uzi, akautaja. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Madamu alipokuja na neno alilolisikia kwa wateja: soon, yaani hivi karibuni.

Sasa hilo utalishika wapi? Kifungo alikuna kichwa, akateleka birika kwenye jiko la umeme alilolificha nyuma ya marobota, akalinyooshea kidole: soon. Maji yakachemka. Madamu akaitikia kwa kichwa. Angeishia hapo angekuwa salama, lakini mwalimu alinogewa. Kesho yake akamwita fundi wa kola, ambaye tumbo lake ndiyo kwanza lilikuwa linaanza kuonekana, akalinyooshea kidole nalo: soon.

Madamu akatazama birika, akatazama tumbo, akakunja uso. "Birika, mtoto, moja?"

"Ndiyo, Madamu. Yote soon."

Madamu akachukua chaki ya kukatia nguo, akachora farasi kwenye kipande cha kitambaa. Farasi alitoka kama mbuzi aliyevaa viatu. Madamu akampandisha vidole viwili mgongoni na kueleza, kwa mikono na maneno ya kuokoteza, kwamba katika lugha yao mtu akisema soon ni kama ameshapanda farasi, tayari kuondoka. Kifungo akaitikia, "Aaa!" na hakuelewa hata chembe. Farasi gani, anayekimbia au aliyesimama anakula majani? Aliona haya kuuliza, na yeye ndiye mwalimu.

Ndipo ikafika asubuhi ya dada. Dada yake mkubwa ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alimbeba mgongoni, alimwogesha, alimchapa alipostahili. Sasa alikuwa hospitali akisubiri kupasuliwa, na alikuwa amemwambia kwa simu, "Mdogo wangu, naogopa. Nataka nikuone kabla hawajaniingiza." Lakini siku hiyo mzigo mkubwa ulikuwa unatoka, na stoo ilikuwa dhamana ya Kifungo peke yake. Bila ruhusa ya Madamu hatoki.

Alimkuta katikati ya ukumbi wa cherehani. Akamweleza kwa njia yake: akashika kipande cha kitambaa kiwe dada, akakipitisha mkasi, akajipiga kifuani, akaonyesha geti. Madamu akamkazia macho, kisha uso ukalegea.

"Soon," akasema, akanyoosha kidole kule mwisho wa ukumbi na kutoka haraka kwa mlango wa uani.

Kifungo akakifuata kidole kwa macho. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na mlango wa stoo yenye birika lake, na kando ya mlango alikaa fundi wa kola na tumbo lake. Ameonyesha nini? Kama ni tumbo, basi ruhusa itakuja dada ameshapona au ameshazikwa.

"Amekunyooshea kidole wewe," alimwambia fundi wa kola kwa uchungu.

"Usiniangalie mimi, kaka. Wangu hana haraka."

Mpiga pasi akadakia bila kuulizwa. "Bosi akisema soon, ujue amekunyima kistaarabu."

Simu ikalia. Alikuwa shemeji, mume wa dada. "Uko wapi? Wanamwingiza hivi karibuni!"

"Karibuni ipi, shemeji? Ya birika au ya tumbo?"

"Umelewa asubuhi yote hii?"

Kifungo akakata simu. Akamtafuta Madamu ofisini, getini, chooni kwa wanawake akapiga hodi mpaka akatukanwa. Hasira zilimpanda. Alimfundisha kwa moyo mweupe, na haya ndiyo malipo! Stoo hakwenda, nani anamtafuta bosi stoo?

Pua ndiyo iliyompeleka. Harufu ya chuma kinachoungua ilitoka nyuma ya marobota, na alipoingia alimkuta Madamu amevaa aproni ya Kifungo, jasho linamtiririka, anatoa maboksi kwa mlango wa nyuma wa uani. Koti la Kifungo lilikuwa limewekwa tayari juu ya meza. Juu ya jiko, birika alilokuwa ameliteleka lilikuwa limekauka na kuwa jeusi.

"Soon!" Madamu alipiga kelele, akimwonyesha birika, kisha koti, kisha geti. "Soon, soon! Wewe wapi?"

Kumbe farasi alishatandikwa zamani. Kifungo alitoka mbio bila koti.

Hospitalini kitanda kilikuwa kitupu. Shemeji alikaa ukingoni ameshika kandambili za dada.

"Ameingia sasa hivi tu," alisema bila kumtazama. "Alikuulizia mpaka pale mlangoni."

Muuguzi aliyekuwa akipita alimwonea Kifungo huruma. "Tulia, kaka. Atatoka hivi karibuni."

Alifungua mdomo amwulize ipi, akaufunga. Kwenye meza ya wauguzi, pale konani, birika la umeme lilikuwa linaanza kuunguruma. Akazichukua kandambili kwa shemeji, akavuta kiti, akakaa karibu nalo.