Kinara Tuliyempeleka Kwanzaa

Mwaka wangu wa pili chuoni nilikuwa nikiishi Columbia Heights, Marekani, na binamu yangu, aliyefanya kazi ya kutunza wazee. Kazini kwake alikuwa na rafiki, mama mmoja Mmarekani mweusi, nesi wa siku nyingi, ambaye alipojua tunazungumza Kiswahili alifurahi kama aliyeokota ndugu waliopotea. Desemba hiyo akatualika kwake Brooklyn Center kwa Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, ambayo masikioni mwetu ilikuwa tu "kwanza" iliyochelewa kufunga mdomo.

Siku mbili kabla, akapiga simu. Nikapokea mimi.

"Mwanangu, mna kinara?" Kinara tu ndilo lilikuwa neno la Kiswahili, mengine yote Kiingereza. "Sisi hapa tumebaki bila."

Mimi kinara niliyemjua ni mtu: kinara wa chama, kinara wa mabao, hata kinara wa wezi. Nikaona ana haki. Sherehe haiendi bila mtu wa mbele.

"Tunaye," nikajibu. Ubaya wa Kiingereza ni kwamba hakitenganishi tunaye na tunacho.

"Mkubwa?"

"Mkubwa, tena imara."

"Ataziweza zote saba?"

Nilijua sikukuu yenyewe ni ya siku saba. "Huyu wetu? Hata thelathini."

Basi tukamwendea mwenyekiti wa umoja wetu wa wanafunzi, Mtanzania wa makamo aliyekuwa akisomea shahada yake ya tatu, mtu ambaye hajawahi kukutana na kipaza sauti akakipita bila kukisalimu. Hakuuliza mengi. Siku ilipofika alitusubiri mlangoni kwa suti ya vipande vitatu, viatu vya theluji, na hotuba ya kurasa nne. Binamu yangu alikuwa amesonga ugali mkubwa, akaufunga kwa taulo, nikaupakata garini.

Tulifika saa kumi na moja, jua la Desemba limeshazama. Mama mwenyeji akatukumbatia mmoja mmoja, kisha akauliza, "Na kinara je?"

Binamu yangu akamsukuma mwenyekiti mbele. "Huyu hapa."

Mama akachungulia nyuma ya mgongo wa mwenyekiti. Mwenyekiti akainama kwa heshima. Hapo ndipo nilipoiona mishumaa saba mkononi mwa mama, myekundu mitatu, ya kijani mitatu, mweusi mmoja, na mezani mkeka wenye mahindi, na katikati yake nafasi tupu.

"Paka wangu alikiangusha," mama akasema taratibu, "kikavunjika. Kile cha kusimamishia mishumaa."

Mwenyekiti akatugeukia, akashusha sauti. "Kinara cha mshumaa! Enyi watoto, mmenileta kuwa chombo cha mezani?"

"Mzee, pole," binamu yangu akasema. "Kwetu mshumaa tunaubandika tu kwa kifuniko ya mkebe. Nani alijua kitu kama hiyo iko na jina?"

Nikamweleza mama kosa letu, nikitamani ardhi inimeze. Mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini aliyekuwa kitini pembeni, ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani. Nyumba nzima ikamfuata.

Binamu yangu hakucheka. Alifungua taulo, akauweka ugali katikati ya mkeka, akachomeka mishumaa yote saba. Ikasimama. Mweusi ukawashwa kwanza, kwa kuwa ndiyo siku ya kwanza, na watu wakapiga makofi. Lakini ugali ulikuwa bado wa moto. Mshumaa ukalainika chini, ukaanza kuinama kama mtu anayesinzia kanisani. Mwenyekiti akaruka, akaushika kwa vidole viwili, na kwa mkono wa pili akatoa hotuba mfukoni.

Nta ilipoanza kumdondokea, kurasa nne zikawa moja. Aliiacha karatasi, akasema tu kwamba kinara ni mnara mdogo. Kwamba kwetu aongozaye watu na kibebacho mwanga wamepewa jina moja, na yeye alikuwa hajawahi kujiuliza kwa nini.

Mama mwenyeji alikuwa akilitamka neno lile kila Desemba tangu ujana wake na hakuna aliyemwambia kwamba pia ni mtu. Akaomba aandikiwe maneno hayo, na mwenyekiti akamwandikia nyuma ya ukurasa wa hotuba.

Tulikata sehemu zilizoingia nta, ugali uliobaki tukaula na mboga zao, ambazo binamu yangu aliapa ni sukumawiki.

Njiani kurudi mwenyekiti alikuwa akipuliza vidole vyake. Tulipovuka mto akakohoa.

"Lakini ile sehemu ya mnara mliisikia?"

"Tuliisikia, mzee," tukasema kwa pamoja.