Kadi ya Picha ya Mzee Sylvester

Mzee Sylvester Lugembe wa Cheyo, mjini Tabora, hakuwahi kumchelewesha mtu picha yake. Tangu enzi za filamu za kusafishwa gizani, alipokuwa akipanda baiskeli mpaka seminari ya Kipalapala kuwapiga picha mapadri wapya, hadi enzi hizi za video za kipaimara na sendofu, akikwambia Jumamosi saa nne, basi Jumamosi saa nne unamkuta ameketi mlangoni na bahasha yako mapajani.

Watu walimpenda kwa hilo, na walimcheka kidogo pia, kwa sababu mzee ana mambo yake. Shati lake hufungwa mpaka kifungo cha shingoni, hata jua liwe la mwezi wa kumi. Kamera yake anaiita "huyu mama". Na kompyuta yake haina Windows kama za mafundi wenzake wa mjini. Ina Linux, aliyowekewa na bruda mmoja wa parokia jirani kabla hajahamishwa. Wateja huleta flashi zenye virusi kama godoro lenye kunguni, mashine za wenzake zinalala chali, ila ya mzee inazipokea zote na haipigi hata chafya.

Getruda alimjua mzee huyu kwa mgongo kwanza, uso baadaye. Aliolewa na Leodgar, mwana wa mzee, dereva wa lori la njia ya Kigoma ambaye nyumbani hupita kama mgeni. Getruda aliishia darasa la saba, na alipoletwa katika nyumba ile kazi aliyopewa studio ilikuwa kufuta vumbi. Akawa anafuta vumbi huku anaangalia. Mzee anakata video, yeye anafuta rafu. Mzee anaunganisha wimbo, yeye anarudia rafu ile ile. Siku moja mzee, bila kugeuka, akamwambia, "Mwanangu, hiyo rafu sasa itatoboka. Vuta kigoda uangalie vizuri."

Alikivuta, akakiweka nyuma, si kando. Mkwe hakai bega kwa bega na baba mkwe wake, wala jina lake halitamki. Hakuna aliyemwekea sheria, ni adabu tu, na Getruda aliipenda. Kwa miaka mitatu alijifunza kazi akiitazama juu ya bega la mzee, mwanawe Kalunde akiwa kwanza tumboni, kisha mgongoni.

Mwaka huu, mwezi wa saba, mzee alipelekwa Mwanza kutolewa mtoto wa jicho. Alirudi Jumatano, jicho la kulia limefungwa bandeji, la kushoto lenye ukungu likisubiri zamu yake. Daktari alisema wiki mbili: hakuna kuinama, hakuna kuangalia kioo cha kompyuta, hakuna vumbi.

"Hakuna vumbi, Tabora, mwezi wa saba!" mama mkwe, Bibi Apolinaria, alishangaa. "Si angesema tu usirudi nyumbani."

Mzee hakucheka. Jumapili ilikuwa jubilei ya Mzee Plasidi na Bibi Ciza wa Ulyankulu, miaka hamsini ya ndoa. Video ya maisha yao, yenye ngoma, mazungumzo na maneno ya padri, alikuwa amekwisha kuipiga yote kabla ya safari, akaikata nusu. Ilitakiwa ioneshwe ukumbini baada ya misa, mbele ya watoto, wajukuu na parokia nzima. Jioni ile Getruda, akikoroga uji wa Kalunde, alimsikia akimwambia mkewe, "Hii ikinishinda, mwambie Leodgar aje aichukue mashine akaiuze. Mpiga picha haoni, na siku ya watu imempita. Anabaki na nini?"

Getruda alikoroga uji mpaka ukaanza kushika chini.

Alhamisi asubuhi akafunga kanga, akamfunga mtoto mgongoni, akaiwasha kompyuta. Kioo kilimjia na herufi kubwa kama za kitabu cha darasa la kwanza. Picha zote zimevutika, nyuso za watu zimekuwa pana. Akafungua video. Bibi Ciza alikuwa anacheza, lakini kwa kurukaruka: mguu unanyanyuka, unabaki hewani, halafu ghafla mama wa watu yuko upande wa pili wa uwanja. Sauti ilitangulia, midomo ikafuata kwa mbali kama mtu aliyechelewa misa.

Akatoka nje. Mzee alikuwa amekaa barazani, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi.

"Baba, mashine haiko sawa." Akamweleza alichokiona.

Mzee akamgeuzia sikio. "Nilipokuwa Mwanza, kuna kitu ilikuuliza?"

"Iliuliza, baba."

"Ukajibuje?"

"Nikaikubalia."

"Kila kitu?"

"Kila ilichouliza." Getruda aliangalia vidole vya miguu yake. "Niliona ikiuliza kwa adabu."

Bibi Apolinaria, aliyekuwa anachambua mlenda kwenye ungo, alicheka mpaka majani yakamwagika. "Mwana wa watu! Hata mashine anaiitikia abee!"

"Usimcheke," mzee akasema, ingawa kona ya mdomo wake ilitikisika. "Sikumwambia. Kosa langu." Akamgeukia mkwewe. "Sikiliza, mama Kalunde. Ndani ya Linux kuna moyo. Ulipokubali, mashine ikaleta moyo mpya. Sasa ile kadi ya picha, ile niliyoiongeza ili video ziende, haisemi na moyo moja kwa moja. Kuna mkalimani kati yao, anaitwa draiva. Mkalimani wetu alizoea moyo wa zamani, mpya hamjui. Kwa hiyo kadi imekaa kimya kama bwana harusi, na prosesa masikini, ule ubongo wa mashine, inachora kila kitu kwa mkono, picha moja moja."

"Ndiyo maana bibi anabaki na mguu hewani."

"Ndiyo maana."

Kiti cha mzee kikahamishiwa mlangoni mwa studio, upande wa nje, mgongo kwenye fremu, pazia katikati yao. Yeye anasema, Getruda anaandika. Alifungua lile dirisha jeusi la amri ambalo hakuwahi kuligusa, na mzee akamtajia herufi moja moja, nafasi, kistari, nafasi. Mashine ikajibu, Getruda akamtajia herufi za jibu: inayochora ni prosesa, kama mzee alivyosema.

"Eeh. Sasa iulize ina draiva gani kwa kadi yetu."

Zikatokea tatu, kila moja na namba yake. Mzee akakuna kidevu. "Chukua ile ya namba kubwa. Ndiyo mpya, itaujua moyo mpya."

Akaandika. Nywila nayo akaiandika, na kioo hakikuonesha hata nukta moja, mpaka akadhani kibodi imekufa. Mzee akamwambia ndivyo ilivyo, ina siri. Akabonyeza. Mashine ikatafakari, kisha ikamwaga maandishi yaliyojaa dirisha zima, na chini kabisa ikauliza swali lake.

"Inauliza, baba."

"Siku zote inauliza. Bonyeza Y."

Kidole cha Getruda kilikuwa tayari juu ya ile herufi. Lakini jicho lake lilipita kwenye orodha, kwa mazoea tu, kama linavyopita kwenye mchele kabla haujaingia chunguni. Kiingereza hakijui. Ila katikati ya orodha aliona jina moja analolijua kwa sura, lile lililoandikwa chini ya kialama anachokibonyeza kila asubuhi kufungua programu ya kukatia video. Akarudi juu. Kichwa cha orodha ile kilikuwa neno alilowahi kukutana nalo kwenye simu ya mumewe, siku alipofuta michezo iliyokuwa imejaa.

"Baba, naomba nisome kwanza."

"Usome nini? Leo ni Alhamisi, mama Kalunde. Bonyeza."

"Hapana, baba."

Nje, mikono ya Bibi Apolinaria ilisimama juu ya ungo. Katika nyumba ile Getruda alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo, hata alipoulizwa kama ameshiba. Kalunde akapiga teke mgongoni, kama anayemwambia mama yake aendelee.

"Umesemaje?" Sauti ya mzee haikuwa kali. Ilikuwa ya mtu anayetaka kuhakikisha.

"Nimesema hapana. Naomba radhi. Hapa kuna neno la kuondoa, na chini yake ipo programu ya kukatia. Na mengine mengi, siyajui."

"Yasome."

Akayasoma, yasiyosomeka akayataja kwa herufi. Alipofika jina la nane mzee alianza kupumua kwa nguvu. Alipofika la ishirini akasema, "Basi. Acha. Bonyeza N. Umeibonyeza?"

"Nimeibonyeza."

"Loo, Mama Maria." Akavua kofia, akaiweka gotini. "Namba ile imegombana na vitu vyote vya ndani. Ingeondoa ya kukatia, ingeondoa hata hilo dirisha unaloliona, tungebaki na kioo cheusi mpaka Jumapili. Na bando iliyobaki haitoshi kurudisha hata robo." Akatikisa kichwa taratibu. "Ningekuwa mimi hapo, ningebonyeza."

"Ungebonyeza hata ungekuwa na macho manne," Bibi Apolinaria akadakia. "Lini uliwahi kusoma kitu? Barua ya mahari ya kwetu ulisaini bila kuisoma, ukaja kushangaa mbuzi walioongezeka."

"Na sikujuta," mzee akasema.

"Sasa hapo ndipo unaponinyamazisha," Bibi Apolinaria akasema, akarudi kwenye mlenda wake.

Lakini mashine ilikuwa bado mbovu, na mzee alikuwa amefika mwisho wa anachokijua. Bruda alikuwa mbali, simu yake haipatikani. Upepo uliingiza vumbi jekundu chini ya pazia. Akafikiria kuuliza, akaogopa, halafu akaona kwamba kwa leo hofu ameshaivuka.

"Baba, ule moyo wa zamani, mashine imeutupa?"

"Kwa nini unauliza?"

"Asubuhi nilipoiwasha, kabla picha haijaja, ilipita orodha fupi. Nilishuka mstari wa pili, nikaufungua kuona kilichomo ndani. Kulikuwa na namba mbili zinazofanana, moja imezidi nyingine mwishoni. Nikatoka, nikadhani ni mambo yake."

Mzee alisimama. Aliposimama, kichwa chake kikagusa pazia, akarudi nyuma haraka, akakaa tena. "Bruda aliniambia," akasema polepole, kama mtu anayekumbuka alikoweka ufunguo. "Aliniambia haitupi wa zamani mpaka izoee mpya. Izime. Iwashe. Orodha ikipita ishike, shuka mstari wa pili, ingia, chagua namba ndogo."

Aliizima. Aliiwasha. Orodha ilipotokea alibonyeza mshale kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Namba ndogo. Kioo kikawa cheusi muda mrefu sana, au ndivyo alivyoona yeye, kisha kikafunguka, na herufi zote zilikuwa ndogo, nyembamba, kila kitu mahali pake kama sahani zilizooshwa.

Alifungua video. Ngoma zikalia, na Bibi Ciza akanyanyua mguu.

Mzee, nyuma ya pazia, alisikia sauti tu. "Mguu?"

"Umeshuka, baba. Anacheza. Anacheza vizuri kabisa."

"Hata kivuli chake kinamfuata?"

"Kinamfuata."

Bibi Apolinaria alipiga kigelegele kimoja, kifupi, akasema chakula kitachelewa leo na mtu asimuulize.

Draiva ya moyo mpya waliiahirisha. Alhamisi iliyobaki na Ijumaa nzima walikata video hivyo hivyo, mlango katikati yao. Getruda alidhani mzee atamwachia yeye, kwa kuwa haoni, kumbe masikio yake yalikuwa yamebakia fundi. "Hapo umemkata padri kabla hajamaliza kupumua. Rudisha." "Huo wimbo uache ufe wenyewe, usiunyonge." Wakati mwingine alimwuliza anaona nini, na Getruda akimweleza sura ya Mzee Plasidi anapomtazama mkewe, mzee alikuwa anasema, "Hapo usikate. Hapo hata mashine iombe, usikate."

Jumamosi saa nne asubuhi video ilikuwa kwenye flashi.

Jumapili walikwenda Ulyankulu kwa pikapu iliyotumwa na Uwimana, binti wa wanajubilei. Shuka jeupe lilitandazwa ukutani, ukumbi ukajaa mpaka madirishani. Taa zilipozimwa tu Kalunde akaanza kulia, kilio cha kweli, na Getruda akalazimika kutoka naye nje bila kuona hata jina la Mzee Plasidi likitokea.

Nje, kwenye benchi, alimkuta baba mkwe wake.

"Daktari kakataza kioo," mzee akasema. "Sikumwuliza kama shuka nalo ni kioo. Nimeona nimheshimu."

Getruda akabaki amesimama pembeni, akimbembeleza mtoto. Ndani ngoma zilianza, halafu kicheko kikubwa kikavuma kikamwagika madirishani, kicheko cha watu mia tatu kwa pamoja.

"Wanacheka wapi hapo?"

"Pale Bibi Ciza anapomnyang'anya Mzee Plasidi kofia, anaivaa yeye."

"Wote wamecheka mara moja."

"Ndiyo, baba."

"Basi haikukwama." Mzee aliegemea ukuta, akafungua kile kifungo cha shingoni, jambo ambalo Getruda hakuwahi kuliona, akavuta pumzi ndefu.

Uwimana alitoka akifuta machozi kwa pembe ya kitenge, bado anacheka. "Shikamoo tena, mzee. Umetumaliza humo ndani! Mdogo wangu anaolewa mwezi wa kumi na moja. Tafadhali usitutupe."

"Marahaba, binti yangu. Mimi mwezi huo nitakuwa Mwanza, jicho la pili." Akaonesha upande aliposimama mkwewe. "Zungumza na huyu. Yeye ndiye aliyeikata hiyo."

Uwimana akageuka, akamtazama Getruda na mtoto wake begani, kanga imelowa machozi ya Kalunde. Mzee alikuwa tayari ametoa mfukoni daftari lake la siku za watu, na penseli ndani yake, akaliweka mwisho wa benchi, karibu na mkwewe.

Getruda akamhamishia mtoto bega la pili, akalichukua. "Ni tarehe ngapi, dada?" akauliza.