Hakuna Aliyeingia kwa Mzee

Keti nikueleze polepole, na usione haya kuniambia nirudie, maana hata mimi sheria ya mchezo huu ilinichukua muda kuielewa. Ni mchezo wa ubao. Ubao umegawanywa mikoa, na kila mchezaji anatawala wake. Unapewa magunia ya nafaka, vipande vidogo vya mbao. Mkoa ukikosa chakula unawekewa kipande chekundu. Vikifika vitatu, mkoa umeasi. Hapo hautulizwi tena, na kila raundi uasi wake unavuka mpaka. Mikoa yote ikiasi, wote mmeshindwa, hata yule aliyekuwa mbele kwa pointi. Kinga yake ni rahisi: kabla ya kipande cha tatu, yeyote anaweza kupeleka gunia mkoa wowote na kuondoa chekundu kimoja. Haombi ruhusa.

Tulicheza watatu Jumapili moja mchana, sebuleni kwangu mtaani Kapsoya. Mimi, mwalimu niliyestaafu. Shemeji yangu, mfugaji wa Kapseret, nje ya mji, ambaye sote tunamwita Mzee. Na jirani yangu, mama wa Kisomali anayeuza vitambaa mjini. Kampeni za uchaguzi zilikuwa zimeanza. Jirani alikuwa ameniambia kwamba Ijumaa iliyofuata lori lingekuja, awapeleke watoto na vitu vyake kwa ndugu zake mbali hadi kura zipite. Tangu aseme hivyo nilikuwa nikijiuliza. Yeye ameona nini ambacho mimi sijakiona? Niliwaita kucheza ili tuzungumze mambo mengine.

"Mwalimu, hizi nyekundu ni nyanya?" Mzee aliuliza.

"Ni watu wenye njaa, Mzee."

"Basi wangoje. Ng'ombe wangu wanakula kwanza."

Jirani alicheka hadi ushungi ukamteleza. Mzee alijenga, akaongeza pointi, hakulisha mtu. Akapata chekundu cha kwanza, kisha cha pili. Jirani alikuwa na magunia manne, mimi matatu. Nilimkumbusha sheria.

"Najua," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini naingiaje kwa Mzee bila kuitwa?"

"Wachaneni na mimi," Mzee akasema. "Shamba langu, shida yangu."

Nami niliyeisoma sheria kwa sauti nilishika magunia yangu hadi yakalowa jasho. Huku kwetu huingii boma la mtu bila kuitwa. Tunafundishwa hivyo tungali wadogo, na ni heshima. Chekundu cha tatu kikaja. Uasi ukavuka kwa jirani, kisha kwangu.

"Sasa nani ameshinda?" Mzee akauliza.

"Hakuna, Mzee."

"Hata mimi na pointi zote hizi?"

"Hata wewe."

Alisonya. Jirani hakucheka tena.

"Wakati ule wa fujo za baada ya kura nilikuwa naishi karibu na mtaa wa West Indies, hapa mjini," alisema. "Nyumba yangu ilishika moto mchana, majirani wamesimama kwa geti zao. Watu wazuri kabisa. Baadaye wakaniambia, 'Mama, hukutuita.'" Akanitazama. "Mwalimu, nikibaki hapa, utangoja nikuite?"

Nilitaka kujibu upesi kwamba sitangoja. Lakini magunia matatu yalikuwa mbele yangu, na alikuwa anayaona.

"Sijui," nilimwambia. "Naogopa miguu itanikataa. Niambie sasa hivi, tukiwa tumekaa, kwamba naweza kuingia."

"Ingia. Usipige hodi. Ukikuta kumefungwa, vunja."

Mzee alikohoa. "Na kwangu pia. Mkiona moshi, msinisikize nikisema niko sawa."

Ijumaa lori halikuja. Jirani aliliahirisha kwa wiki moja, na sijui atasema nini wiki hiyo ikiisha. Mimi bado naogopa. Pikipiki zikipita nyingi kwa pamoja nasimama dirishani, nahesabu hatua hadi mlango wake. Ni kumi na tisa.

Wewe usingoje hadi uogope kama mimi. Leo, kabla jua halijazama, nenda kwa jirani mmoja, umwambie aingie kwako bila kuitwa akiona hatari, na umwonyeshe mlango ulio rahisi kufunguka.