Fungu la Ndege

Baba yangu ni mvuvi, lakini kila msimu wa kusi aliacha nyavu siku kadhaa akaenda kwenye vile visiwa vya mawe mbele ya Kiunga, kijiji chetu, kutafuta mayai ya shakwe. Shakwe hutaga mawili au matatu, na la mwisho aghalabu huwa dogo kuliko wenzake. Wachukuaji mayai wa kwetu wana desturi yao: makubwa huingia kikapuni, lile dogo huachwa kiotani. Huliita fungu la ndege. Baba aliishika desturi hiyo kama anavyoshika sala, na aliyethubutu kuligusa fungu la ndege mbele yake aliyasikia ya kuyasikia. Alisema ndege naye ni mzazi, ana haki yake.

Nilipokuwa na mimba ya kwanza nilimwacha mume wangu kisiwani Pate, nikarudi kwa wazazi kujifungua, kama ilivyo ada. Mtoto alikuja kabla ya siku zake. Alikuwa wa kike, mdogo mno. Mizani ya zahanati ilisogea kidogo tu. Muuguzi aliniambia nimbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, wala nisimweke chini. Nikambeba. Wanawake waliokuja kunitazama walisema yote ambayo wanawake husema: haka katakua, fulani alizaliwa mdogo kuliko huyu na leo ana ndevu. Niliwaamini kwa sababu nilitaka kuwaamini.

Baba alikwenda maweni akarudi na kikapu cha mayai, makubwa tu, yenye madoadoa ya kahawia. Mama aliyatia kwenye ndoo ya maji. Yaliyozama akayachemsha, yaliyoelea akayatupa, kwa kuwa hayo yana kinda ndani. Kila asubuhi nililetewa yai pamoja na uji wa pilipili manga.

"Kula, mwanangu," baba aliniambia akiwa nje ya mlango, kwani haingii chumba cha mzazi. "Kula maziwa yaye."

Maziwa yalikuja. Mtoto ndiye hakuwa na nguvu za kuyanyonya. Nilimkamulia kwenye kijiko, tone kwa tone, naye alichoka kumeza kama mtu aliyetwikwa mzigo. Alikufa asubuhi moja kabla ya arobaini yangu kutimia, akiwa bado kifuani pangu. Baba ndiye aliyempokea kwenda kumzika. Alimbeba kwa mikono miwili, ilhali mmoja ungetosha.

Nilipotoka arobaini nilikuwa sisemi na mtu. Baba akaniambia, "Ndoo, mwanangu, twende ukapigwe ni upepo." Mama alinuna, mwanamke kwenda maweni, lakini alituacha tukaenda.

Tulipofika makinda walikuwa wameshaanguliwa. Kwenye mwamba wa upande wa bahari, ambako mkono wa mtu haufiki, niliwaona wakikimbia huku na huku, manyoya ya kijivu, wanene, wakijificha chini ya mawe. Upande wa chini, ambako baba na wenzake walipita na vikapu vyao, viota vingi vilikuwa kimya. Kando yake walilala makinda waliokauka, shingo nyembamba kama njiti za kiberiti. Wachache walikuwa wakipumua bado, macho wameyafumba. Niliokota mmoja aliyekufa. Hakuwa na uzito wa kusemwa, na mkono wangu uliujua uzito ule.

"Hawa ndio wa yale mayai madogo?" nikamuuliza.

"Ndio wao."

"Na kila mwaka huwa hivi?"

Baba alitazama upande mwingine. "Wengi wao. Nalidhani ni yua kali."

Basi nikapandwa na hasira. Sina subira, nimezaliwa hivyo, na siku ile hata kidogo niliyokuwa nayo ilikuwa imekwisha. "Mwatwaa yenye nguvu," nikamwambia, "mwamwatia mamake lile dogo la kufa, kisha mwasema ni huruma."

Binti hamsemeshi babake hivyo, na bado sijutii. Pengine hasira yangu ilikuwa kwa Mwenyezi Mungu, astaghfirullah, na baba ndiye aliyekuwa karibu. Alimtoa yule kinda mkononi mwangu, akamfukia mchangani, akanawa, tukarudi Kiunga.

Nikarejea kwa mume wangu. Kusi la mwaka uliofuata lilinikuta na mimba tena, na kila asubuhi niliamka na hofu. Siku moja baba alishuka bandarini Mtangawanda, huku Pate, na kikapu chake, akaja hadi nyumbani. Nilipofunua kitambaa niliona mayai madogo tu, mengine hayazidi la tetea. Mume wangu alicheka, akamuuliza kama shakwe wa Kiunga mwaka huu wana njaa.

"Makubwa yana kazi yao," baba akasema. "Madogo nimeyatwaa yote, kisiwa kizima. Sikuata hata moya."

Wenzake walikuwa wamemcheka sana, alituambia, wakasema uzee umemwingia, lakini aliwasihi mpaka wakamwachia kile kisiwa kimoja mwaka ule. Nikayapika mayai yale, nikayala yote mimi mwenyewe. Yalikuwa na shombo ile ile.

Baada ya mwezi hivi akanipigia simu. Alikuwa ametoka maweni. Makinda ni wengi, alisema, wakubwa, wanakimbia hata upande wa chini.

"Na kuna mmoya mdogo," akasema. "Mdogo mno, wa yai dogo. Yu hai, mwanangu. Atembea. Nimemuona kwa mato yangu."

Nilikuwa nimekaa jikoni, mkono tumboni. Mayai madogo ya kisiwa kile niliyala mimi, yote, na baba yangu sijapata kumsikia akisema uongo.

"Alhamdulillahi, Baba," nikamwambia.