Herufi Zilipoanza Kukua

Marehemu kaka yangu alikuwa mtengeneza mabango. Mtaani walimwita Hatua, kwa sababu bango likitoka kwenye mashine hakumkabidhi mteja mpaka alitundike mbele ya duka, avuke barabara, na ahesabu hatua thelathini. Akifika ya thelathini anageuka. Likiwapo hata neno moja lisilosomeka, bango lilirudi ndani.

Mimi nilikuwa naye dukani, nikipokea wateja, nikikunja kingo za turubai na kutia pete za kupitishia kamba. Wateja wengi walitaka kila kitu kiandikwe. Namkumbuka muuza magodoro mmoja.

"Weka vipimo vyote, namba zangu tatu za simu, na picha ya familia nzima imelala."

"Bosi wangu," kaka alimjibu, "mpita njia ana sekunde tatu tu. Azitumie kusoma au kuhesabu watoto kitandani?"

"Kwani godoro unauza wewe?"

"Mimi nakuitia macho ya watu. Yakishafika, kuuza ni kazi yako."

Walibishana mpaka likabaki jina la duka, neno MAGODORO na namba moja, herufi nyeusi juu ya njano. Baada ya wiki mbili yule bwana alirudi kuagiza la pili.

Halafu herufi zikaanza kukua. Kaka aliyezoea maneno saba alishuka hadi manne, kisha matatu. Picha akaziacha. Wateja walifurahi, wakaja hata kutoka mitaa ya mbali. "Hatua amekomaa," walisema. Na mimi nilimshukuru Mungu kwa kumzidishia kipaji. Hakuna aliyejiuliza kwa nini. Kaka alipima kwa macho yake mwenyewe, na alichoshindwa kukiona kutoka hatua ya thelathini alikikuza. Tulikuwa tunausifia ugonjwa.

Nyumbani alianza kumwaga chai nje ya kikombe.

"Wifi, kaka yako siku hizi anagombana na milango," mkewe aliniambia. "Kila akipita lazima aupige mmoja bega."

Tukacheka, Mungu atusamehe.

Siku moja alitengeneza bango la duka la dawa. Alitundika, akavuka, akahesabu, akasimama kule muda mrefu. Kisha akaniita kwa mkono. Hakuwa amewahi kuniita kule hata siku moja.

"Mimi nalisoma," alisema. "Wewe je, linasomeka?"

Niligeuka. Herufi zilikuwa za bluu nzito juu ya kijani iliyokolea. Kutoka pale niliona shuka jeusi lenye doa. Lakini nilimwona pia yeye, jasho limemtoka, anatazama mdomo wangu. Nikadhani amechoka tu. Nikasema moyoni, nisimvunje moyo leo.

"Linasomeka, kaka."

"Lote?"

"Lote."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Kumbe asubuhi ile alikuwa amemwambia wifi: "Sijui kama naliona bango au nakumbuka tu nilichoandika. Leo namuuliza mdogo wangu. Akishindwa kulisoma, ujue macho yangu ndiyo yamechagua hizo rangi, na kesho tunakwenda hospitali." Alirudi nyumbani akiwa na furaha, na hospitali haikutajwa tena.

Mwenye duka la dawa alilitundika bila neno, kwa kuwa Hatua hakosei. Ilimchukua miezi saba kulirudisha, limekunjwa kwapani.

"Ndugu yangu, watu wanasimama chini ya bango lako wakiniuliza duka la dawa liko wapi!" Alikuwa anacheka. Kaka hakucheka. Alingoja mtu yule aondoke.

"Mdogo wangu, siku ile ulikuwa unalisoma?"

"Hapana, kaka."

Alikaa kwenye stuli, akapapasa meza akitafuta kofia yake iliyokuwa mbele yake.

Daktari alisema ni presha ya macho, imeua mshipa wa ndani, na kilichokufa hakirudi. Wifi aliuliza, ingekuwaje kama tungefika miezi saba nyuma? Daktari alimtazama kaka kwanza. Akasema jicho moja huenda lingepona.

Nilimwomba msamaha palepale kwenye benchi la hospitali. "Nimekusamehe," alisema. "Ila usinipambie kitu tena."

Aliendelea kuja dukani, akikaa mlangoni. Nilijaribu kutengeneza mabango mwenyewe na wateja walikuwa na subira nami, kisha wakapungua. Siku moja akaniuliza kama duka litasimama. Maneno matamu yalinijaa mdomoni, nikayameza.

"Halitasimama, kaka. Sina jicho lako. Tuuze mashine."

"Asante," akasema. "Mtafute mnunuzi atakayeitunza."

Mashine ilipoondoka, kaka hakutoka tena nyumbani. Wifi alimwekea kiti dirishani, lakini alikigeuzia ukuta. Mwezi wa tatu tangu hapo, homa ya mapafu ilimchukua.

Nimetubu kwa Mungu, na naamini kwamba Yeye husamehe. Lakini kila ninaposali kumwombea kaka, nafika kwenye lile neno "lote" nililomwambia ng'ambo ya barabara, na sala inakatika, nakaa nimepiga magoti.