Mume Wangu Anataka Kutoa Kifaa cha Moyo kwa Sababu "Kinalala"

Admin, nisitiri jina tafadhali, mashemeji zangu nao wamo humu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, nina watoto watatu. Naishi Kisangani na mume wangu, mvuvi wa kwenye maporomoko kama baba yake.

Mwaka juzi alianza kuzimia zimia. Mara ya mwisho alianguka kutoka kwenye miti wanayofungia mitego, maji yakambeba, ndugu zake wakamwopoa kwa shida. Vipimo vikaonyesha moyo wake husitasita, wakati mwingine husimama kidogo. Madaktari wageni waliopita hospitali ya Makiso wakamwekea kifaa kidogo chini ya ngozi, karibu na bega, chenye waya unaoingia moyoni. Tangu hapo hajazimia tena. Anakula, anacheka, ananitania kama zamani.

Juzi tukaenda kukipima. Daktari alifurahi: "Papa, moyo yako iko napiga yenyewe karibu saa yote. Machine iko nalala tu."

Nikamuuliza, sasa kazi yake nini? Akanijibu, "Mama, iko sawa mutu wa nyuma mu pirogue. Wa mbele akipiga kafi muzuri, ye ananyamaza, anaangalia tu. Wa mbele akichoka, ye anasukuma."

Mimi nilielewa, mtumbwi naujua. Mume wangu alisikia neno moja tu, kulala, akakimbilia kwa baba yake. Jamani, kwa hawa watu mtego usioshika samaki haubaki majini. Baba mkwe akasema mbele ya ukoo mzima, "Kitu yenye iko nalala, unaibeba ya nini? Mutego yenye haikamate samaki, tunaitoshaka!"

Na mume wangu ana uchungu wake. Madaktari walimkataza kupanda miti kwa sababu ya hicho chuma, na nafasi ya mtego aliyoachiwa na babu yake sasa anaishika mdogo wake. Kikitoka, ukoo umesema, atarudishiwa. Wameshapata mtu Opala, eti nesi, wa kumpasua. Wanaondoka Jumatatu kwa mtumbwi.

Nimemsihi mpaka sauti imekauka, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Ananijibu, "Donc unapenda nikuwe mugonjwa siku yote?" Nikasema nitamwita daktari. Mashemeji wakaniambia nikithubutu kuwaaibisha, nitarudi kwetu Bafwasende bila watoto wangu. Najua hawatanii. Naogopa mno.

Jana mchana alipopitiwa na usingizi niliweka sikio kifuani pake. Nilisikiliza sana, sikuweza kujua pigo lipi ni lake na lipi ni la kifaa. Nilichojua ni kwamba mume wangu yu hai.

Ndugu zangu, nisaidieni mawazo. Nikinyamaza, namzika baba wa watoto wangu. Nikisema, napokonywa watoto wenyewe. Ungekuwa wewe, ungefanya nini kabla ya Jumatatu?